Bahari katika tabaka tatu: namna ya kuunganisha vioo vya dirisha kwenye tanuri

Kioo kikipasuka ndani ya tanuri, hesabu umepona. Kinachouma ni kile kinachotoka salama, ukakiweka kabatini, ukawaonyesha wageni, kisha usiku wa siku ya kumi na moja kikalia "ta!" na asubuhi ukakikuta vipande viwili. Ndivyo kilivyokwenda kibao changu cha kwanza. Nilikuwa nimelaza kipande cha chupa ya kahawia juu ya kioo cha dirisha, vikaungana, vikang'aa. Mpasuko ulizunguka ukingo wa kile kipande cha kahawia kana kwamba mtu aliuchora kwa kalamu.

Anayesikia habari za kazi hii huuliza kwanza moto. Moto mwachie tanuri. Yatakayokutoa jasho ni mengine: vioo viwe vya ukoo mmoja, hewa itoke kati ya tabaka, na kitu kipoe bila kuharakishwa.

Tutatengeneza kibao cha sentimita 18 kwa 18, tabaka tatu za kioo cha milimita 3, kikionyesha ngalawa alfajiri. Chini kabisa povu jeupe, katikati mapovu ya hewa, juu tanga la shaba. Hatutanunua rangi hata moja. Kijani cha bahari tunacho tayari: kioo cha kawaida cha dirisha kina chuma kidogo ndani yake, ndiyo maana ukikitazama kwa ubavu kinaonekana kijani. Tabaka tatu zikipandana, kile kijani kinakolea kidogo, hasa pembezoni.

Kazi hii si ile ya Kitengela nje kidogo ya Nairobi, wala ya Shanga kule Arusha, ambako mafundi huchota kioo kilichokwisha kuyeyuka na kukipuliza kwa bomba. Sisi tunapanga vipande vikiwa baridi, tunafunga tanuri, tunaondoka.

Kioo cha kuchukua na cha kuacha

Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, umwombe mabaki. Vipande vyote vitatu vitoke kwenye bamba moja. Hili usilifanyie mzaha. Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na kila aina ina kiasi chake. Vioo vya sanaa vinavyotengenezwa kwa kazi hii huuzwa kwa namba, 90 au 96, zinazoonyesha kiasi hicho. Vya dirisha viko chini ya hapo. Ukiunganisha viwili visivyolingana, kimoja kitasinyaa zaidi ya mwenzake na vitavutana humo ndani hadi kimoja kichoke. Chupa yangu ya kahawia ilichoka siku ya kumi na moja.

Acha kioo cha ubavuni mwa gari na cha mlango wa bafu. Hivyo vimekazwa kiwandani, ukivigusa kwa almasi vinamwagika kama mahindi. Kioo cha mbele cha gari kina plastiki katikati. Cha kujitazamia kina rangi mgongoni. Chenye mng'ao wa kuakisi jua kimepakwa madini. Vyote hivyo mrudishie fundi wake.

Kabla ya kukata, chukua kalamu ya wino mzito uweke alama upande mmoja wa bamba, mahali pengi. Kioo cha dirisha hutengenezwa kikielea juu ya bati lililoyeyuka, kwa hiyo upande mmoja hubaki na chembe za bati na tabia yake motoni ni tofauti na ya upande wa pili. Mwenye taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi ataujua, kwa kuwa huwaka ukungu wa maziwa. Taa ya kukagulia noti haisaidii. Usipokuwa na taa, alama zako zitatosha kuhakikisha pande zote tatu zinatazama kule kule.

Vifaa

Unahitaji tanuri la umeme lenye kidhibiti cha joto kinachokubali kupangiwa hatua. La mfinyanzi linafaa ikiwa linaweza kushushwa taratibu, si kupandishwa tu. Mengine ni almasi ya kukatia, rula isiyoteleza, koleo bapa, kinu cha chuma, chujio la chai, brashi laini, spiriti, gundi nyeupe ya maji, magadi soda, waya laini wa umeme uliochakaa, na unga wa kupaka rafu ya tanuri, yaani alumina na kaolini. Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi si pambo. Vumbi la kioo na la unga wa rafu ukilivuta leo hutalisikia, utalisikia uzeeni.

Paka rafu kwanza ili ikauke wakati unakata. Unga kipimo kimoja, maji vipimo vitano, koroga mara kwa mara kwa sababu unatuama haraka. Pitisha brashi kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa mshazari, mara nne au tano, bila kukandamiza. Mistari ya brashi unayoiona sasa utaikuta imechapwa mgongoni mwa kazi yako. Kausha rafu tanurini kwa nyuzi 260 kwa dakika 20.

Kukata

Chovya almasi kwenye mafuta ya taa. Simama, usikae. Anza ukingoni, vuta hadi ukingo wa pili kwa mkono mmoja usiobadilisha nguvu. Sikiliza: almasi ikipita vizuri hutoa mlio mwembamba wa kitambaa kinachochanwa. Ikikoroma, umekandamiza mno, ikinyamaza, haijakata. Ukikosea, usirudie juu ya mstari ule ule, utaua almasi na kioo kitavunjika kinapotaka. Sogea milimita tano ukate upya.

Weka mstari sambamba na ukingo wa meza, inua kidogo, shusha mara moja. Vipande vyembamba vivunje kwa koleo. Pembe kali zipunguze kwa jiwe la kunolea lililolowa, halafu osha vyote kwa sabuni, suuza, pangusa kwa spiriti, na tangu hapo shika kwa kingo tu. Alama ya kidole ambayo huioni sasa huweza kuungua na kubaki kama wingu.

Povu, mapovu na tanga

Tabaka la chini litabeba povu la mawimbi. Twanga mabaki ya kioo kile kile kwenye kinu, ukiwa umevaa barakoa na umenyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiruke. Kausha, pitisha sumaku kuondoa vichembe vya chuma vya kinu, chekecha kwa chujio la chai. Unga mwembamba weka kando, chenga weka kando. Unga huu hautarudi kuwa kioo safi. Kila punje inabaki na vijihewa vyake, kwa hiyo ukiungana unabaki mweupe kama uji wa mchele. Kwa kazi nyingine hiyo ni kasoro. Kwetu sisi ndiyo povu.

Nyunyiza unga kwa chujio juu ya kioo cha chini, mistari mitatu au minne ya kupinda, minene karibu nawe na miembamba kadiri inavyokwenda mbali. Kisha kwa ncha ya kijiti kikavu futa upande mmoja wa kila mstari uwe mkali, upande wa pili uache ufifie. Wimbi halisi ndivyo linavyovunjika: mbele lina ukingo, nyuma linayeyuka.

Kwa mapovu ya hewa, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha magadi soda kwenye nusu kikombe cha maji. Geuza kioo cha katikati na upake upande utakaotazama chini, brashi ikiwa na unyevu tu, viboko vifupi vya kulala. Acha ikauke kabisa hadi uone chumvi nyeupe. Motoni magadi hutoa hewa ya kaboni dioksidi, nayo ikinaswa kati ya vioo inakuwa mapovu madogo yanayofuata mapito ya brashi. Ukizidisha, mapovu yataungana yawe puto moja linaloinua kioo cha juu kama andazi. Mimi napaka kisha najilaumu kuwa ni kidogo. Kikitoka huwa kiasi.

Sasa tanga. Menya waya laini wa umeme, utoe nyuzi za shaba. Nyuzi nyembamba kama nywele zitakuwa mlingoti na mirengu. Kwa tanga chukua waya wa shaba mnene kidogo, upige kwa nyundo laini juu ya kipande cha reli hadi uwe utepe mwembamba kama karatasi. Ukianza kuwa mgumu, upashe moto hadi uwe mwekundu, uuache upoe, uendelee. Kata tepe tano au sita za urefu unaopungua, zilaze ubavu kwa ubavu ziwe pembetatu ya tanga. Mianya kati yake itaonekana kama mishono ya turubai, na itaipa hewa njia ya kutokea, jambo ambalo bamba zima la shaba haliruhusu. Shaba nene haifai, kwa kuwa nayo inasinyaa kwa kasi yake na itapasua kioo. Waya wa mabati usiutie kabisa, zinki yake hutoa moshi wenye sumu.

Shaba iliyofunikwa na kioo hutoka na rangi ya damu ya mzee, na pale hewa ilipoigusa huenda ikaacha ukungu wa kijani na buluu ukingoni. Hutaweza kuiamuru. Mara moja nilipata tanga jekundu lenye ukingo wa feruzi, nikajaribu mara sita kulirudia, nikaacha.

Kupandanisha

Weka kioo cha chini juu ya rafu, mbali na ukingo wa rafu kwa sentimita 3. Kioo kilichoiva hupenda unene wa milimita 6 hivi: kilicho chembamba zaidi hujikunja kuelekea ndani, kilicho kinene hutanda nje. Chetu kina 9, kwa hiyo kitatanuka kidogo na kona zitalainika. Usiweke ngalawa karibu na ukingo, isije ikasafiri.

Kwenye kila kona, kati ya tabaka na tabaka, weka kichembe cha ile chenga ya kioo, chenye unene wa milimita moja. Hii ndiyo hila kubwa ya kazi nzima. Kona zikiwa zimeinuliwa, katikati ya kioo hulegea na kushuka kwanza, ikisukuma hewa kuelekea nje. Kona hufunga mwisho. Bila vichembe hivyo kingo hufunga mapema na hewa iliyobaki ndani inatafuta pa kutokea, kwa kawaida katikati ya tanga ulilolihangaikia.

Kioo cha katikati juu ya cha chini. Ngalawa juu ya cha katikati, ikishikwa na tone dogo la gundi iliyozimuliwa kwenye ncha za nyuzi tu. Gundi ikijaa katikati itaacha masizi. Kioo cha juu mwisho. Tazama kwa juu: tanga liko milimita tatu juu ya tabaka la povu, nalo litatupa kivuli juu yake. Kivuli hicho ndicho sababu ya kuhangaika na tabaka tatu badala ya kuchora kila kitu kwenye kioo kimoja. Lisogeze tanga hadi kivuli kiangukie penye povu jeupe, si penye utupu.

Moto

Rafu isimame juu ya nguzo fupi, isilale sakafuni mwa tanuri. Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi.

1. Panda nyuzi 120 kwa saa hadi 560. Kitundu cha tanuri kiwe wazi hadi 500 ili moshi wa gundi utoke, kisha ukizibe.
2. Panda nyuzi 50 kwa saa hadi 690, kaa hapo dakika 45. Hapa hewa inakamuliwa.
3. Panda nyuzi 250 kwa saa hadi 825, kaa dakika 10.
4. Acha lishuke kwa kasi yake hadi 550, kaa saa moja na nusu.
5. Shuka nyuzi 60 kwa saa hadi 430.
6. Shuka nyuzi 100 kwa saa hadi 300, kisha zima. Usifungue kabla ya 50.

Ukiwasha saa kumi na mbili asubuhi, 825 utaifikia kama saa nane na nusu mchana, na hatua ya sita itakwisha usiku. Utafungua kesho yake. Matanuri hayasomi joto sawasawa, kwa hiyo kabla ya kutia kazi yenyewe jaribu vipande vya sentimita 5 kwa 5, tabaka tatu. Kingo zikibaki kali, ongeza nyuzi 10. Kipande kikisambaa kama samli, punguza 10.

Hatua ya pili na ya nne ndizo watu wanazozifupisha ili kuokoa uniti za umeme. Ya pili ukiifupisha utaona kosa lako kesho. Ya nne itakungoja. Kwenye 550 kioo bado kina ulegevu wa kutosha kwa mivutano ya ndani kutulia. Kikipita hapo mbio, nje huganda wakati ndani bado kuna joto, na ule mvutano unafungiwa humo. Mimi huita kukipumzisha. Kinachopumzishwa ni unene wote, kwa hiyo ukiongeza tabaka, usiongeze dakika chache za huruma: kwa milimita 12 kaa saa mbili na ushuke polepole zaidi.

Usikae sana kati ya 700 na 800 pia, wakati wa kupanda wala wa kushuka. Huko ndiko uso wa kioo cha dirisha huota ukungu wa kijivu unaokwaruza kidole.

Umeme ukikatika wakati wa kupanda, chini ya 500, usifungue. Acha lipoe lenyewe, uanze upya siku nyingine. Ukikatika wakati wa kupumzisha, usifungue pia. Ukirudi, soma joto. Kama bado liko juu ya 500, rudisha 550 moja kwa moja na uhesabu saa moja na nusu upya. Kama limeshuka zaidi, panda kwa nyuzi 100 kwa saa, kisha rudia hatua ya nne hadi ya sita. Kufunua "kidogo tu kuchungulia" kumeua kazi nyingi kuliko kukatika kwa umeme.

Kukikagua

Kibao kitakuwa na karibu gramu 730, kizito kuliko kinavyoonekana. Kishike dirishani. Povu liwe jeupe, mapovu yawe madogo, tanga limezama.

Kisha kipime. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta ya mkononi, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi, inamisha kichwa pole pole hadi kioo cha kompyuta kiwe cheusi. Weka kibao katikati, kati ya macho na kompyuta. Kikibaki cheusi, kimepumzika. Ukiona mwanga mweupe umezunguka mahali, hapo kuna mvutano. Mwanga hafifu kando ya shaba si wa kukukosesha usingizi. Mwanga mkali kwenye kona au katikati unadai kibao kirudi tanurini, kipandishwe nyuzi 100 kwa saa hadi 550 na kupumzishwa upya.

Na kikiwa kimepasuka, soma mpasuko kabla ya kulaumu. Kingo za mpasuko zikiwa za mviringo, laini kwa kidole, kilipasuka wakati wa kupanda na moto ukazilainisha: ulipanda mbio. Zikiwa kali, kilipasuka wakati wa kupoa au baada yake. Mpasuko unaofuata umbo la kitu fulani unasema kitu hicho si ndugu. Unaokata katikati kwa mkunjo unasema hukukipumzisha.

Kingo na stendi

Mgongoni futa unga wa rafu kwa kitambaa kilicholowa, usiupulize. Kingo sugua kwa msasa wa maji, namba 120, 220, 400, na ukitaka 600, ukilowesha wakati wote. Mimi huishia 400. Ukingo wenye ukungu kidogo unashika mwanga na kuonyesha kile kijani vizuri kuliko uliong'arishwa.

Kwa stendi, kipande cha mninga cha sentimita 22 kinatosha, kikichimbwa mfereji wa kina cha sentimita 2. Fanya mfereji upite unene wa kioo kwa milimita 2 na uutie utepe wa kitambaa ndani, maana mbao hutanuka masika na kioo hakitasogea kuipisha. Elekeza upande wa tanga chumbani, ukuta au dirisha liwe nyuma. Asubuhi jua likiwa chini, kivuli cha ngalawa kitatua juu ya povu, kisha juu ya meza.